Siku Moja Maishani Mwangu: Wodi ya Wazazi, Dodoma

Saa 12:30 asubuhi. Julai hapa Dodoma ina upepo mkavu wenye baridi, na abiria wengi katika daladala la kutoka Ipagala wamejifunika masweta na khanga. Mimi ni muuguzi mkunga katika hospitali moja ya mkoa huu. Leo ni Jumatano, siku ambayo wafanyakazi wa wodi yetu hukutana kuandika jibu la swali moja kuhusu kazi yetu na kusomeana walichoandika. Njiani ninatafuta swali la leo. Swali pana kama "unajisikiaje kazini" huzaa maneno ya jumla, ilhali swali dogo linalolenga tukio moja humfanya mtu akumbuke aliyekuwepo, aliyesema na aliyenyamaza.

Saa 1:30. Makabidhiano ya zamu. Muuguzi wa usiku anasoma ripoti, na miongoni mwa waliotajwa yumo mama aliyeletwa kwa rufaa kutoka kijijini juzi usiku, akatokwa na damu nyingi baada ya kujifungua. Sasa ana nafuu na mtoto ananyonya vizuri. (Baadhi ya mambo yanayomhusu nimeyabadilisha ili asitambulike.) Faili lake limejazwa inavyotakiwa: muda aliopewa oksitosini (dawa ya kukaza mji wa mimba ili damu ipungue), mapigo ya moyo, shinikizo la damu, damu aliyoongezewa. Hata hivyo, faili huandikwa kueleza kilichofanyika kwa mgonjwa, nalo haliwezi kueleza kila mmoja wetu alikuwa anajua nini wakati kilipokuwa kikifanyika. Hapo ndipo timu huungana au huachana, na hapo ndipo ninapopata swali langu.

Saa 3:00. Raundi na daktari. Mama yule huzungumza zaidi Kigogo, na kila anapoulizwa jambo mama mkwe wake humjibia. Mhudumu wetu wa afya anapopita na kusema "Mbukwenyi!", salamu ya Kigogo, mgonjwa anainua kichwa na kutabasamu. Baada ya raundi kuna dawa, vidonda vya upasuaji na maelekezo kwa wanaoruhusiwa kwenda nyumbani.

Saa 4:30. Tukiwa kwenye chai, daktari aliye katika mafunzo ya vitendo ananiuliza, "Sista, hili jambo la kuandika lilitoka wapi?" Ninamweleza habari za Rita Charon, daktari wa Marekani aliyesomea pia fasihi ya Kiingereza hadi shahada ya uzamivu. Katika Chuo Kikuu cha Columbia, New York, aliwataka wanafunzi wake wa udaktari waandike kando ya faili rasmi yale ambayo hayana nafasi ndani ya faili hilo: hofu, hasira, mgonjwa anayemkumbusha mtu babu yake. Mwaka 2001 alichapisha makala katika jarida la chama cha madaktari cha Marekani, akaeleza kwamba tabibu anahitaji uwezo wa kuipokea hadithi ya mgonjwa na kuielewa. Kijana anakumbuka mzunguko wa tafakuri wa mwaka 1988 wa Graham Gibbs, mtaalamu wa elimu wa Uingereza, yaani hatua za kutafakari jambo lililotokea, unaoanza na maelezo ya tukio na hisia, ukaishia kwenye mpango wa utekelezaji. Mzunguko huo unamfaa sana mwanafunzi, lakini nimeona kwamba mtu mzima akipewa vichwa vya hatua hizo huvijaza kama fomu ya likizo, na jambo zito linabaki moyoni. Kwa hiyo sisi tunatumia swali moja tu.

Saa 8:00 mchana. Tunakutana katika chumba cha ripoti wakati zamu ya asubuhi inapoipokeza ya mchana, ili zote mbili ziwakilishwe. Wapo wauguzi, daktari, mhudumu wa afya, mteknolojia wa maabara na mama anayefanya usafi. Masharti yetu ni machache. Jina la mgonjwa haliandikwi. Hakuna anayelazimishwa kusoma. Karatasi ni mali ya mwandishi na haiingii katika faili la mgonjwa wala la mtumishi. Asiyependa kuandika husimulia kwa mdomo. Anayesikiliza hurudia kwanza alichokisikia kabla ya kutoa ushauri wowote, na sharti hili ndilo gumu kuliko yote, kwa kuwa sisi watu wa afya tumefunzwa kutibu kila tunachokiona.

Swali la leo: "Usiku ule ulikuwa umesimama wapi, na ulijua jambo gani ambalo mwenzako hakulijua?" Tunaandika kwa dakika 6.

Mteknolojia anasoma kwanza. Ameandika kwamba simu ilimwambia "damu, haraka", na kwamba kila simu ya damu husema haraka. Mezani kwake kulikuwa na ombi jingine, la mtoto mwenye upungufu wa damu, naye alilazimika kukisia aanze na lipi. Wauguzi wanatazamana. Sisi tulikuwa tunajua kwamba mama amekwisha kupita mbali kiwango cha mililita 500 za damu iliyopotea ambacho vitabu vyetu hukitaja kuwa cha hatari, lakini neno "haraka" halikuibeba habari hiyo hadi maabara.

Kisha mhudumu wa afya anasoma, taratibu, kwa mwandiko wa penseli. Wakati wa kumpokea mgonjwa, daktari aliuliza kama amewahi kutokwa na damu nyingi katika uzazi uliopita, na mama mkwe akajibu hapana. Baadaye, mhudumu na mgonjwa walipobaki wawili, mgonjwa alimwambia kwa Kigogo kwamba uzazi uliopita alizimia kwa kutokwa na damu. Mhudumu alisita kulisema jambo hilo mbele ya wakubwa waliokwisha kupata jibu.

Daktari anarudia alichokisikia, kama sharti linavyodai, kisha anamuuliza mhudumu, "Mama, ningefanya nini ili uniambie?"

"Ungenitazama tu, Daktari. Ningejua na mimi naulizwa."

Kwa maoni yangu, maneno hayo yasingepatikana katika kikao cha kawaida, ambako mkubwa huanza kusema na wadogo humalizia kwa kukubali. Karatasi ilimpa nafasi ya kulipanga jambo lake lote kabla ya mtu yeyote kumkatiza.

Saa 9:15. Tunakubaliana mawili. Anayepiga simu kuomba damu ataje hali ya mgonjwa, kiasi kinachokadiriwa kupotea na jina la anayekuja kuichukua. Mgonjwa anayezungumza Kigogo ahojiwe mhudumu akiwepo, na sehemu ya mahojiano ifanyike ndugu wakiwa nje. Muuguzi mfawidhi anayaandika katika kitabu cha maelekezo. Waraka ungeweza kuagiza hayo hayo, lakini sasa anayeshika simu atakuwa anamkumbuka mwenzake aliyekuwa na maombi mawili mezani.

Saa 10:00 jioni. Kabla ya kuondoka ninazungumza na dereva wa gari la wagonjwa, ambaye hajawahi kukaa nasi. Ndiye aliyemleta mama yule, na kwa saa nzima ya barabara ya vumbi alisikia mengi kutoka nyuma ya gari. Amekubali kuja Jumatano ijayo. Nimemwomba achague yeye swali.