Tyubu ya Nne

Machi 2016, katika maabara moja Ujerumani, tulikuwa tukivuna vijifuko ambavyo astrositi, seli walezi za ubongo, huvitoa na niuroni (seli za neva) za jirani huvipokea. Kijifuko kina upana wa nanomita 30 hadi 150 hivi, na ndani yake mna protini na vipande vya RNA (nakala za maagizo ya jeni) vinavyoweza kubadili mwenendo wa seli inayokipokea. Seli za ubongo hazitumi ishara za umeme na kemikali tu. Hutumiana pia vifurushi.

Umajimaji wa chakula uliokaa na astrositi kwa saa 48 tuliuzungusha kwenye sentrifuji, mashine ya kuzungusha tyubu kwa kasi: mara 300 ya nguvu ya mvutano wa dunia kwa dakika 10 ili seli zishuke, mara 2,000 kwa dakika 10 zishuke zilizokufa, mara 10,000 kwa nusu saa yashuke mabaki makubwa. Kila mara tulibakiza maji ya juu, mashapo tukatupa. Kisha mara 100,000, dakika 70, kwenye joto la nyuzi 4 za Selsiasi, na hapo kazi hugeuka: maji humwagwa, mashapo ndiyo mali. Mara nyingi hayaonekani kabisa. Ndiyo maana kabla ya kupakia rota ya mshazari (kishikio kinachozunguka na tyubu zikiwa zimeinama) unachora alama ya kalamu upande wa nje wa tyubu, karibu na kitako, kisha unaosha hapo hapo kwa pipeti, polepole. Tyubu isiyojazwa vizuri hubonyea.

Tyubu tatu zilikuwa za astrositi. Ya nne ilikuwa na chakula cha seli kitupu, ambacho hakijawahi kugusa seli hata moja. Kifaa cha kuhesabu chembe kikaonyesha ya nne imekaribiana na zile tatu.

Kosa lilikuwa kwenye seramu, majimaji ya damu yasiyo na seli. Chakula kile kilikuwa na asilimia 10 ya seramu ya ndama aliye tumboni, na damu ya ng'ombe imejaa vijifuko vya ukubwa uleule. Wiki mbili nzima niuroni zetu, tulizokuwa tukizipa mavuno hayo, zilikuwa zimestawi kwa vifurushi vya ndama! Iliuma, maana picha za niuroni hizo zilikuwa nzuri mno.

Kuzungusha seramu kwa saa 18 kwa kasi ile ya mwisho hupunguza vijifuko vyake, hakuvimalizi. Tukachagua kuosha astrositi mara tatu na kuzipa chakula kisicho na seramu kwa saa 24 tu, kwa sababu zikikaa nacho muda mrefu hubadilika umbo. Safari hii tyubu ya nne ilitoka karibu tupu. Zile tatu zilipungua sana, lakini vijifuko vilivyobaki vilikuwa vya astrositi.