Sarafu ya mizani iliyonidanganya umri

Kwenye kisanduku cha bibi tulikuta sarafu ya shaba, upande mmoja mizani, maandishi ya Kiarabu. Kaka akasoma tarakimu: 1299. Tukashangilia, ina miaka mia saba!

Ustadhi wa madrasa alicheka. Huo ni mwaka wa Hijria, kalenda ya Kiislamu. Nikazidisha 1299 kwa 0.97, nikajumlisha 622: 1882, enzi za Sultani Barghash wa Zanzibar. Kumbe ndiyo pesa yenyewe, jina lililotoka kwenye paisa ya Wahindi.

Bei? Ndogo, maana zipo nyingi. Tena nilikuwa nimeshaisugua kwa ndimu na majivu (ujinga wangu), iking'aa kama sufuria jipya. Mnunuzi akaipunguzia thamani papo hapo. Ya pili nimeiacha na weusi wake.