Riba ya maji imeishia chooni

Wiki iliyopita yamenikuta ya kuchekesha, nimeyawaza mpaka nikaona bora niyaandike. Jumatatu imeingia riba yangu ya hatifungani ya maji, shilingi 67,500, meseji nimeiona nikiwa kwenye daladala nikatabasamu peke yangu, nikaanza kupanga kitenge. Jumatano mvua ikanyesha usiku kucha, Alhamisi asubuhi shimo la choo limejaa, ukimwaga ndoo maji yanakutazama tu hayaendi. Nikampigia jamaa wa gari la majitaka, akasema elfu sabini na hapungui, mtaa mzima mmejaa na foleni ni ndefu. Kwa hiyo riba yote ya nusu mwaka imeingia shimoni na nimeongezea 2,500 juu.

Wakati wanakunja mpira nikamuuliza dereva, hivi mnaenda kumwaga wapi? Akacheka. "Dada, la kwako limeisha, ya huko niachie mwenyewe." Basi swali hilo ndo limenikaa kichwani hadi leo.

Kwa wasioijua hii hatifungani, mwaka 2024 mamlaka ya maji ya Tanga ilikopa hela kwa wananchi na mashirika kupitia hatifungani ya kijani (yaani ya miradi ya mazingira) ya miaka 10, riba asilimia 13.5 kwa mwaka, ikitafutwa bilioni 53.12 na zikapatikana bilioni 54.72, yaani watu walileta zaidi ya kilichoombwa. Baadae ikaorodheshwa soko la hisa Dar. Mimi nilitia milioni moja, hela ya mchezo, na wala sijutii. Lengo ni kuongeza uzalishaji wa maji kutoka mita za ujazo 45,000 kwa siku mpaka 60,000, maji yale yale ya mto Zigi yanayoshuka toka milima ya Amani yakatuama bwawa la Mabayani.

Sasa ngoja. Ongezeko la mita za ujazo 15,000 ni lita milioni 15 kila siku. Mafundi wa mambo haya wakichora mabomba huwa wanakadiria karibu asilimia 80 ya maji yanayoingia nyumbani yanatoka tena yakiwa machafu, unaoga, unafua, unavuta choo. Hiyo ni kama lita milioni 12 mpya za majitaka kila siku ya Mungu. Sisi watu wa Tanga tunajisifia waja leo waondoka leo, basi na maji nayo ni hivyo hivyo, yaja leo yaondoka leo, ila kuja kwake tumekukatia hatifungani na kuondoka kwake tumemwachia jamaa wa gari.

Na yanaenda wapi? Mfumo wa mabomba ya majitaka ni wa zamani, uko katikati ya mji na ulijengwa kuelekea baharini. Sisi wengine wengi wa huku pembeni tuko kwenye mashimo. Watu wanadhani ukiwa na shimo zuri la zege umemaliza, kumbe shimo linabakisha tope tu, ule mkojo unapita na maji yake unazama ardhini, na ardhi yetu ya pwani sehemu nyingi ni mawe ya matumbawe yenye matundu kama sponji, ukizama leo hauchukui muda kuikuta bahari.

Tatizo kubwa la mkojo kwa bahari sio harufu wala hata vijidudu peke yake (vijidudu ni habari nyingine, hiyo ya kipindupindu tunaijua). Tatizo ni naitrojeni, kile kirutubisho cha kwenye mbolea kinachootesha mimea. Mtu mzima anatoa kama kilo 3 hadi 4 za naitrojeni kwa mwaka, sehemu kubwa kwenye mkojo. Mfuko wa mbolea ya yurea wa kilo 50 una kilo 23 za naitrojeni, mkulima yeyote wa Muheza anaujua huo mfuko. Maana yake watu sita saba mnatoa mfuko mzima kwa mwaka. Sensa ya 2022 ilihesabu Tanga jiji watu 393,429, piga hesabu mwenyewe, ni zaidi ya mifuko elfu hamsini. Yaani kiwanda cha mbolea Tanga kilifungwa zamani lakini uzalishaji haujawahi kusimama! Sio yote inafika baharini, mingine inaishia kwenye udongo na migomba ya watu, ila inayofika inafanya kazi ile ile ya mbolea, inaotesha. Kwenye maji ya chumvi mara nyingi naitrojeni ndo inayokuwa pungufu, ukiileta tu mwani mdogo mdogo na ukoga vinashangilia, vinafunika majani ya bahari na matumbawe yanakosa jua, halafu vikifa vinaoza na kule kuoza kunakula hewa iliyomo majini, samaki anaondoka au anafia hapo hapo.

Shangazi yangu hajui neno naitrojeni. Yeye kila bamvua, maji yakikupwa sana, yuko ufukweni Sahare na kijiti chake anatafuta pweza, tangu mimi sijazaliwa. Nilipomsimulia mambo ya shimo akaniambia mwanangu hayo mawe siku hizi yana ukoga unateleza mpaka naogopa kuvunjika kiuno, na hapa mbele palikuwa na majani mazito, watoto wa samaki tasi tele, sasa ni mchanga. Simalizii lawama zote kwenye vyoo, niwe mkweli, uvuvi wa baruti ulitupiga sana, na mito nayo inaleta mbolea na udongo toka mashambani. Lakini baruti angalau ilikuwa na mtu wa kumkamata, choo utamkamata nani, si ni sisi wenyewe.

Nimesoma habari za Marekani, jimbo la Maryland, wana ghuba yao inaitwa Chesapeake ilikuwa inakufa kwa mambo haya haya. Mwaka 2004 wakapitisha tozo ya dola 2.50 kwa mwezi kila nyumba, watu wakaibatiza kodi ya kuvuta choo, 2012 ikapanda ikawa dola 5. Kilichonifurahisha ni kwamba hata mwenye shimo analipa, dola 60 kwa mwaka, na hela inaingia mfuko wake maalumu. Ikakarabatiwa ile mitambo mikubwa 67 ya majitaka ili iondoe naitrojeni majini, na sehemu nyingine ikaenda kuboresha mashimo ya watu majumbani. Huko San Francisco waliochelewa, 2022 mwani ulilipuka kwenye ghuba samaki wakafa wakaelea, ndo wakaamriwa 2024 kupunguza naitrojeni asilimia 40 ndani ya miaka 10, gharama inatajwa mabilioni ya dola.

Nikajaribu hesabu ya kwetu. Tuseme kaya laki moja (nimekadiria tu watu wanne kwa nyumba), kila moja shilingi 1,000 kwa mwezi, ni bilioni 1.2 kwa mwaka. Kwa riba ya 13.5 hiyo inalipa riba ya deni la bilioni 8 na ushee, na bado deni lenyewe hujaligusa. Kwa hiyo tozo peke yake haijengi mji mzima, serikali na wafadhili lazima watie mkono kwenye ule mtaji wa kwanza. Lakini sio lazima tuanze na mitambo ya umeme ya kizungu. Tungeanza na mabwawa ya kutibu majitaka na sehemu rasmi ya magari kumwaga, jua tunalo la bure, na bwawa likipangwa vizuri maji yakikaa siku za kutosha naitrojeni nyingi inapungua humo, nyingine inapaa hewani. Kazi kubwa ni kupata eneo kabla halijakatwa viwanja.

Ugumu ninaouona ni mwekezaji. Maji yana bili, bili inalipa riba yangu. Majitaka ya mashimo hayana bili, unamlipa mwenye gari siku ya shida halafu unasahau miaka miwili. Bila ile elfu moja ya kila mwezi iliyofungiwa kwenye mfuko wake, mtu wa Dar hatakuja kununua hatifungani ya kitu kisichoingiza senti. Na ikifungiwa kweli, isije ikaenda kununua magari ya wakubwa, maana hapo ndo watu watagoma na mimi nitakuwa wa kwanza.

Jioni nikamweleza shangazi yote haya, akanisikiliza huku anapiga pweza kwenye jiwe, maana pweza asipopigwa hatafuniki. Akasema hatifungani ya maji nilichelewa, nikasikia tu watu wamepata riba. Hiyo ya mavi mkiileta niambieni mapema. Ila jina mbadilishe.