Kaunta Buku ya Mzee Fyuzi

Profesa alinisogezea karatasi hata kabla sijakaa. Mwandiko wake ule wa kulala: kompyuta 30, projekta 2, viyoyozi 2. "Kijana, chuo kimetangaza ruzuku ya teknolojia ya kufundishia. Fomu hiyo hapo. Hebu liandikie maneno." Ilikuwa mwaka 2017 na mimi nilikuwa mhadhiri msaidizi, cheo ambacho kazi yake halisi ni kuyaandikia maneno mambo ya wakubwa.

Masharti hayakuwa magumu. Andiko lisizidi kurasa 6, mchanganuo wa bajeti, profoma (karatasi za bei kutoka kwa wauzaji) tatu kwa kila kifaa, barua ya idara, na vyote vimfikie katibu wa kamati Ijumaa kabla ya saa tisa alasiri. Fedha isilipe mishahara, posho wala chai ya vikao. Kilichonikaba ni kipengele cha nne: eleza ni kitu gani wanafunzi wanashindwa kujifunza kwa sasa, na ushahidi wake ni upi. Kwenye orodha ya Profesa hapakuwa na mwanafunzi hata mmoja.

Profoma nizipitie haraka, maana kila aliyewahi kuomba fedha mjini hapa anazijua. Nilipanda mwendokasi hadi Kariakoo, nikazunguka maduka, kisha nikateremkia Samora. Muuzaji mmoja aliniuliza bila kuinua macho kwenye simu, "Kaka, unanunua au unakusanya karatasi?" Nikamwambia nakusanya karatasi. Akacheka, akaniprintia, akagonga muhuri, halafu akanielekeza duka la shemeji yake nikachukue nyingine ya bei ya juu kidogo, "ili zipendeze." Nilimshukuru, nikaenda kwingine.

Jioni ile nikapitia maabara ya kompyuta. Kozi yetu ya takwimu ya mwaka wa kwanza ilikuwa na wanafunzi zaidi ya 300, na mashine zilizokuwa zinawaka hazikufika 20. Msimamizi alikuwa fundi sanifu mmoja mtu mzima ambaye wanafunzi walimbandika jina la Mzee Fyuzi. Alilijua jina hilo na wala halikumsumbua.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mwalimu. Umekuja kupima chumba? Nasikia mnaleta kompyuta."

Habari chuoni hazina miguu lakini zinafika. Sikumjibu moja kwa moja, naye akavuta droo ya chini ya meza yake. Ilijaa pawa saplai zilizoungua, kila moja imebandikwa kipande cha selotepu chenye namba ya mashine, tarehe, na saa umeme uliporudi. Harufu ya waya kuungua ilikuwa bado imo. "Hizi hazikufa kwa uzee," akasema. "Umeme kukatika si tatizo. Tatizo ni kurudi. Unatakiwa uwe volti 230, wenyewe unarudi na hasira. Mkileta mashine 30 bila stabilaiza, mniletee na droo nyingine."

Nikamuuliza kama ana kumbukumbu ya matumizi ya chumba. Akatoa kaunta buku ya kwaya nne, imepigwa mistari kwa rula: jina, namba ya usajili, saa ya kuingia, saa ya kutoka, namba ya mashine. Hakuna mkubwa aliyemwagiza. Alianza mwenyewe baada ya mausi kuibiwa. Pembeni mwa majina fulani kulikuwa na nyota ndogo kwa kalamu nyekundu.

"Hizi nyota ni za nini, Mzee?"

"Huyo ndiye aliyeshika kibodi. Wanakaa watatu watatu kwenye mashine moja. Kibodi ikiharibika, nijue nani wa kumuuliza."

Nilihisi kama nimeokota pochi. Aliniazima kwa sharti kwamba irudi asubuhi kabla ya saa mbili, tena akanifanya nisaini ndani ya kaunta buku hiyohiyo kwamba nimeazima kaunta buku.

Usiku huo nilikaa chumbani kwangu Sinza nikiingiza mistari ile kwenye R, programu ileile ya takwimu tuliyokuwa tunawafundisha. R ilianzishwa na Ross Ihaka na Robert Gentleman kule Auckland, Nyuzilandi, na haina leseni ya kulipia. Kwa chuo cha hali yetu hiyo peke yake ni ruzuku. Matokeo yalinikata usingizi. Wapo wanafunzi waliohudhuria karibu kila zoezi la muhula mzima bila kupata nyota hata moja. Walikuwa wanakaa pembeni wanatazama mwenzao akiandika, kisha wanasaini na kutoka. Wengi wao walikuwa wasichana. Mtihani wa vitendo unamtaka kila mtu akae peke yake, na sisi kila mwaka tulikuwa tunashangaa kwa nini wanafeli.

Kipengele cha nne kikajijaza. Bajeti nikaipanga upya: seva moja ya kuendeshea RStudio Server, ili mwanafunzi mwenye kompyuta yake aifungue R kwenye kivinjari kupitia Wi-Fi ya jengo bila kula bando, kompyuta 10 badala ya 30, stabilaiza na UPS (betri za kushikilia mashine umeme ukikatika), kibodi za akiba, projekta moja.

"Viyoyozi vyangu vimekwenda wapi?" Profesa aliuliza.

Nikamwonyesha jedwali la nyota. Alilisoma mara mbili, akavua miwani. Alikuwa amesoma Marekani, na siku hiyo akanieleza kwamba katika Chuo Kikuu cha Washington, kule Seattle, wanafunzi hulipa ada ya teknolojia, na kamati inayoigawa fedha hiyo ni ya wanafunzi wenyewe. "Pale ukiomba kiyoyozi cha ofisi watakucheka." Akasaini barua. Kisha akagota kidole kwenye orodha ya waombaji, mahali nilipomwandika Mzee kwa jina lake kamili, na chini ya safu ya shahada nikaweka: cheti cha ufundi umeme.

"Kamati itauliza."

"Na iulize, Profesa."

Iliuliza kweli. Kwanza walitaka kujua kwa nini fungu la programu ni sifuri, nikaeleza. Halafu wakamuulizia huyu mwombaji mwenye cheti. Alikuwa amekaa kwenye benchi nje, akaingia na kaunta buku kwapani, na kwa muda mrefu hawakuniuliza mimi kitu tena. Mwenyekiti alipotaka kujua kama maabara itafunguliwa hadi saa tatu usiku kama andiko lilivyoahidi, Mzee akajibu kwa adabu, "Mheshimiwa, mimi nakaa Chanika. Mfuko wenu haulipi posho. Saa tatu usiku nitakuwa kitandani kwangu."

Walicheka, lakini hawakuongeza posho. Fedha ya vifaa ilipita, na zamu za usiku wakapewa wanafunzi wa mwaka wa tatu, mpango ambao ulikwenda kwa kuchechemea. Zipo wiki ambazo chumba kilikuwa kimefungwa na hakuna aliyejua ufunguo uko kwa nani. Naona mpaka leo kwamba huo ndio ugonjwa wa ruzuku hizi. Hununua kifaa chochote unachotaka, ila mtu wa kukishughulikia hawamnunui.

Mzigo ulipofika, dereva alimpa Mzee hati ya mapokezi asaini. Mzee akamwambia asubiri, akaanza kuchomeka stabilaiza moja baada ya nyingine na kuzipima kwa mita yake.

"Mzee, saini basi, foleni ya Ubungo hiyo!"

Tatu zilirudishwa garini. Jioni muuzaji akanipigia simu kulalamika kwamba nimemwekea mzee mkorofi mapokezi. Nikampa namba ya Mzee ampigie mwenyewe.