Hajiri alikaa akimwelekea

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Wiki hii nimelemewa moyoni, nami naanzia hapo hapo.

Mwanangu alipewa kazi ya shule: asome hadithi ya mtu aliyepotea nyikani, ataje sifa zake, na kila sifa aithibitishe kwa neno au tendo la mhusika mwenyewe. Akaandika "ni mwoga". Nikamuuliza, "Umeona wapi?" Akanyamaza, akafuta. Swali lile likanirudia mimi, maana siku mbili kabla nilikuwa nimemsema dada mmoja wa ushirika wetu kwamba hana moyo. Mumewe amelazwa, naye nilimkuta amekaa nje ya wodi, hataki kuingia.

Usiku nikafungua Mwanzo 21. Hajiri, mjakazi aliyeondolewa nyumbani kwa Ibrahimu pamoja na mwanawe Ishmaeli, yuko jangwani Beer-sheba, maji ya kiriba yamekwisha, amemlaza kijana chini ya kijiti, akaenda kukaa kando. Miaka yote nimemsoma kama mama aliyemtupa mwanawe. Safari hii nikatafuta ushahidi. Alikaa umbali gani? Kadiri ya mtupo wa mshale. Tena imeandikwa mara mbili kwamba alikaa akimwelekea. Amesema hataki kumwona akifa, na bado ameshindwa kumpa kisogo! Na Mungu alipomfumbua macho akaona kisima, alijaza kiriba, akamnywesha kijana. Kama yeye mwenyewe alikunywa, Maandiko hayakusema.

Ndugu zangu, tumezoea mno kupeana sifa. "Fulani amepoa kiroho." "Yule ana kiburi." Ukiulizwa umeona nini, unajibu, "Nahisi tu." Bwana alisema tutawatambua kwa matunda yao, hakusema kwa hisia zetu. Kumpachika mtu tabia usiyokuwa na ushahidi nayo ni kumshuhudia uongo, hata ukiisema katikati ya maombi. Nayasema haya kwa uchungu, kwa kuwa mimi nimeyatenda.

Maana nilipofunga Biblia nikakumbuka dada yule alikuwa amekaa benchi gani. Ni lile linalotazamana na mlango wa wodi. Shati la mumewe lilikuwa mapajani mwake. Analikunja, analikunjua, analikunja tena. Niliyaona hayo yote, nikapita.

Jana nilikwenda, nikakaa naye kwenye benchi lile lile. Nikamwomba radhi kwa neno ambalo hakulisikia likisemwa. Alinishika mkono, macho yake yakiwa bado mlangoni. Mwombeeni mumewe, wapendwa.