Siku moja maishani mwangu: kuwakusanya wazee wa jazz wa Morogoro

Saa 11:30 alfajiri

Simu ya kwanza ni ya mzee wa saksafoni. Anauliza kama ridi, vile vipande vyembamba vya mdomoni mwa saksafoni vinavyotoa sauti, zimefika. Zimefika, zililetwa na basi kutoka Dar es Salaam, nikazipokea jana jioni pale Msamvu. "Basi leo napuliza, mwanangu," anasema, na anakata.

Leo ni Jumamosi ya sherehe ya mtaa wetu, huku Mji Mpya, na kazi niliyopewa na kamati ni wanamuziki. Mwanzoni kamati ilitaka tukodi spika, mtu aje na flashi ya zilipendwa, watu wacheze. Nilikataa na nitaendelea kukataa. Bendi ya Morogoro Jazz ilianzishwa hapa Morogoro mwaka 1944. Salum Abdallah alianzisha hapa hapa, mwaka 1948, bendi iliyokuja kuitwa Cuban Marimba, akiwa amekolea santuri za Kikuba. Mbaraka Mwinshehe alipiga gitaa katika mji huu hadi likasikika Osaka, Japani, kwenye maonyesho ya dunia ya mwaka 1970. Salum alifariki kwa ajali ya gari mwaka 1965, Mbaraka naye kwa ajali mwaka 1979, kule Mombasa. Lakini waliopiga kwenye bendi hizo miaka ya sabini, vijana wa wakati ule, wengine bado tunao. Wanakaa Kihonda, Mafiga, Kichangani. Tunakutana nao sokoni. Kwa nini tusikilize flashi?

Saa 2 asubuhi

Serikali ya mtaa, kisha polisi. Kibali kinasema muziki mwisho saa 5 usiku. Nakikunja, nakitia mfukoni.

Saa 3

Naenda na gari la kukodi kuwafuata wazee. Nikiwaambia waje na bodaboda, mmoja atakosa, na bendi haipigi nusu.

Kihonda namkuta mzee wa gitaa la solo amekaa barazani, shati limepigwa pasi, mikono mitupu. "Shikamoo baba." "Marahaba. Gitaa mnalo?" Tunalo, tumeazima kwenye kwaya ya kanisa jirani. Yeye hana gitaa kwa miaka mingi sasa, na hayuko peke yake. Katika bendi za zamani, magitaa, ngoma na vipaza sauti vilikuwa mali ya mwenye bendi: klabu, shirika, jumuiya au tajiri. Mwanamuziki akiondoka, au bendi ikifa, anatoka na vidole vyake tu. Watu wakiona mzee hapigi tena husema amechoka. Wengi hawakuchoka, hawakuwa na chombo.

Saa 5

Mazoezi, chini ya mwembe nyuma ya ofisi ya mtaa. Nitakaa hapa zaidi kuliko kwingine, maana hapa ndipo siku yenyewe ilipokuwa.

Safu ni hii: solo, solo la pili, rizimu, besi, tumba, drams, saksafoni, waimbaji wawili. Wazee sita. Waliobaki ni vijana, na besi anapiga binti wa ile kwaya iliyotuazima magitaa. Wazee wawili walikuwa Cuban Marimba, mmoja Morogoro Jazz, mwingine alipita Super Volcano, bendi aliyoiunda Mbaraka alipoondoka Morogoro Jazz mwaka 1973. Hawajawahi kupiga pamoja. Zamani, shabiki wa Cuban na shabiki wa Moro Jazz hawakukaa meza moja.

Wimbo wa kwanza unakwama kabla ya kiitikio. Mwimbaji mkubwa hafiki juu. Wimbo huu aliuimba akiwa na miaka ishirini na kitu, leo ana sabini na kadhaa, sauti imeshuka, imekuwa nzito na nzuri kwa namna nyingine. Anaomba tushushe tyuni. Mzee wa solo anatikisa kichwa. Solo lake limejengwa juu ya nyuzi zilizo wazi, zile zinazolia bila kukandamizwa. Ukimhamisha, nyuzi zile zinampotea na solo linakuwa la mtu mwingine. "Watu wa Cuban mlizoea kutuburuza," anasema. Mwimbaji ananyamaza. Mimi natafuta neno la kusema, silipati.

Anayeokoa ni binti wa besi. "Babu, tukilegeza nyuzi zote, magitaa yote na besi, tukashuka tyuni moja, wewe si utaweka vidole palepale?" Mzee anamwangalia. Analegeza uzi wa kwanza, wa pili, hadi wa sita. Anapiga lile solo kama alivyolijua siku zote, nalo linatoka chini kidogo, na mwimbaji anaingia bila kuambiwa.

Mzigo unabaki kwa saksafoni, kwa sababu saksafoni hailegezwi. Ni lazima vidole vijifunze njia mpya, katika nyimbo zote. Mzee wa watu anavaa miwani, anakaa pembeni dakika kama arobaini, anapuliza polepole. Hakulalamika hata mara moja. Nimewaona wapiga ala wengi, na heshima yangu kwa huyu haina kipimo.

Kisha tumeingia kwenye chemko, pale wimbo unapoacha maneno na magitaa yanashikana. Solo la kwanza linauliza, la pili linajibu, rizimu inashona katikati, tumba inasukuma. Kijana wa drams, anayefanya kazi kwenye studio ya bongo fleva, alikuwa anapiga kwa nguvu mno. Mzee wa tumba alimshika mkono, akampigia mapigo gotini hadi yakamkaa. Hayo huwezi kuyapata kwenye flashi. Kanda za Redio Tanzania zimetuhifadhia sauti, na tunashukuru, lakini kanda haimwambii kijana mahali pa kupunguza.

Saa 8 mchana

Pilau, kachumbari, swala, usingizi mfupi kwenye mikeka.

Saa 11 jioni

Mwanakamati ananivuta kando. Wageni rasmi wana hotuba, wazee wapige nyimbo mbili, kisha spika ziendelee. Namwambia nyimbo nane, kamili, na chemko zake. Wimbo wa dansi ukikatwa dakika ya tatu umekatwa kabla haujafika. Hotuba zikapunguzwa. Nililisema kwa ukali, na ningelisema tena.

Saa 1:30 usiku

Wamepanda. Hakuna aliyetangaza nani ni Cuban na nani ni Moro Jazz. Mtangazaji alisema tu, "Wanamuziki wa Morogoro." Wimbo wa pili, akina mama wa vitenge walikuwa wameshajaza uwanja. Wimbo wa nne, bibi mmoja mwenye fimbo alimpa mjukuu fimbo ashike. Mzee wa solo alipofika kwenye chemko alimgeukia mwimbaji, sio watu, akampigia yeye.

Saa 4:45

Tumemaliza robo saa kabla ya kibali kuisha. Nalipa mmoja mmoja, mkononi, kwa daftari na saini, wazee na vijana kiwango kimoja. Fedha ni za michango ya mtaa na kila aliyechanga ataliona hilo daftari.

Mzee wa solo anaweka saini, anarudisha gitaa la kwaya kwenye mfuko wake. "Nyuzi zikilegezwa zinatambaa," anasema. "Tafuteni nene zaidi, kabla ya Jumatano." Nikauliza Jumatano kuna nini. Akanielekeza kwa mwimbaji, ambaye alikuwa anapatana na binti wa besi saa ya mazoezi. Nimeandika: nyuzi nene, seti tatu, na moja ya besi.