Jinsi tangi la ploti lilivyoanza kufika siku ya mgao

Kila nikisema maji ya ploti huisha kabla ya mgao, naambiwa "weka kufuli kwenye bomba la tangi." Nimechoka. Ploti yetu hapa Kayole, Nairobi, ina nyumba 24 na tangi moja la lita 10,000. Mgao hufunguliwa usiku wa Jumatano, basi. Tangi likikauka, tunanunua mtungi wa lita 20 kwa wenye mikokoteni, shilingi hamsini au hata zaidi.

Nilipopewa kusimamia maji, kufuli nilijaribu. Lilivunjwa siku ya tatu. Mwenye ploti akanishauri faini: anayefua mazulia au kuosha pikipiki kwa mpira wa maji alipe mia mbili. Wiki mbili nikaamini imefaulu, maana kopo la faini lilikuwa linajaa. Kisha asubuhi moja jirani wa boda boda akanigongea, akanyoosha mkono. "Kaka, hii ya leo." Hata pikipiki hakuwa ameianza! Wala hakuwa ananidharau. Alikuwa ananunua. Wale waliokuwa wakiosha kwa kujificha sasa wakaosha mchana kweupe kwa kuwa wamelipa, na Jumapili tangi likalia pu.

Aliyenifungua macho ni mama mmoja Mdigo wa chumba cha mwisho. "Mwanangu, mtu haoni haya mbele ya mia mbili. Huona haya mbele ya watu." Kwao Kinondo, kule Kwale, ukiingia kaya, yaani msitu mtakatifu, hutoki na hata kijiti kikavu, na hakuna kufuli msituni. Misitu hiyo ya kaya za Wamijikenda, Wadigo wakiwemo, iliingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2008, lakini wazee na miiko yao walikuwa wameitunza tangu zamani.

Nikawaza: sisi tunaonana, lakini maji hatuyaoni. Bwawa la Ndakaini kule Murang'a, linakotoka sehemu kubwa ya maji ya Nairobi, nani Kayole huliona likishuka? Na tangi letu ni jeusi.

Nikanunua mpira wa maji mweupe unaopitisha mwanga. Fundi akauunga chini ya tangi na kuusimamisha wima, maji yakapanda humo sawa na yalivyo ndani. Nikachora mistari kumi myekundu. Kila mmoja ni mitungi 50. Mpira, rangi na fundi ni kama elfu moja na kitu, zikatoka kwenye kopo la faini. Mwanzoni niliuweka upande wa vyoo, na wiki nzima hakuna kilichobadilika. Uweke unakoelekea geti! Na uusafishe, jua huuotesha ukijani.

Watoto ndio waliomaliza kazi. Wakitoka shule wanasoma kwa sauti: "Sita!" Mama aliyekuwa anajaza mtungi wa nne anafunga bomba. Jirani wa boda boda sasa anatumia ndoo moja na kitambaa. Hakuna aliyemsema, watu walitazama mstari, kisha wakamtazama yeye. Faini nimeifuta.

Wiki iliyopita mgao ulichelewa. Alhamisi asubuhi tulikuwa bado juu ya mstari wa kwanza, na mikokoteni ikapita getini bila kusimama.